Vidonge vya Msalaba Ulioinama

Gari la serikali lilipoingia sokoni Shinyanga, likiwa na spika mbili juu ya paa kama masikio ya punda, Herman Bujiku alikuwa kwa muuza karanga, anaonja kwa mara ya tatu bila dalili ya kununua.

Herman alikuwa mtu wa miaka arobaini, mfupi, mwenye kitambi cha heshima na sauti ambayo ingeweza kumbembeleza fisi aache mfupa. Hakuwa na shamba wala ng'ombe, na hakuna aliyewahi kumwona na jembe. Kazi yake ilikuwa kusema. Aliwahi kumuuzia mtu mmoja wa Old Shinyanga baiskeli isiyokuwa yake, na baada ya mwezi akamuuzia mtu huyohuyo mwongozo wa jinsi ya kuitafuta. Askari walimjua, lakini kila walipokwenda kumkamata walirudi wakicheka, na mmoja alirudi akiwa amemkopesha kofia.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na mbili, mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mvua zilinyesha kupita kiasi, mbu wakazaliana, na homa ikashika watu kuanzia Shinyanga mpaka machimbo ya dhahabu ya Geita. Juu ya homa ikaja balaa la pili: watu wasiojulikana walikuwa wakitengeneza vidonge vya chokaa na kuviuza kama kwinini. Wagonjwa walimeza, wakasubiri, wakazikwa.

Serikali, kwa haki yake, ilishtuka, na iliposhtuka ikaamua kutangaza.

"Tahadhari! Tahadhari!" spika zilikohoa. Mtangazaji alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. "Raia wote mnatahadharishwa juu ya kuenea kwa dawa bandia za homa, ambazo matumizi yake huweza kusababisha madhara yasiyokusudiwa, ikiwemo mauti!"

Kina mama wawili waliokuja na viazi kutoka vijijini walitazamana.

"Mayu, mama," alisema mmoja, "bandia si yule mtoto wa matambara wanayemchezea wasichana wa mjini?"

"Ndiye huyo."

"Kumbe naye huugua homa?"

"Si umesikia? Serikali imeleta dawa yake."

Yule wa kwanza akatikisa kichwa kwa uchungu. "Ndiyo maana yetu imekwisha dispensari. Wamempa mtoto wa matambara."

Herman alisahau karanga mdomoni. Kabla hajacheka, vijana wa gari wakaanza kugawa karatasi. Ilichorwa picha ya kidonge cheupe, na juu yake mistari miwili myekundu iliyokatizana. Aliyeichora huko mbali, mezani pake, alimaanisha: hiki msile. Lakini huku mashambani nani alikuwa amemweleza mtu kwamba mistari miwili ni katazo? Mzee mmoja mwuza tumbaku aliigeuza karatasi mara mbili, kisha akatoa uamuzi.

"Huu ni msalaba. Umeinama kidogo kwa sababu ya upepo wa gari. Serikali inasema tutafute vidonge vyenye msalaba."

"Na visivyo na msalaba?"

"Hivyo ni vya mtoto wa matambara."

Kabla jua halijafika utosini, watu walikuwa wamejaa madukani wakiulizia vidonge vya msalaba ulioinama. Wenye maduka waliwafukuza, kisha wakaanza kujuta kuwafukuza. Gari nalo lilikuwa limeshaondoka kwenda kutahadharisha wengine.

Herman alinunua karanga za senti kumi. Muuzaji alishangaa, kwa sababu hakujua kwamba anatazama mtu aliyefunguliwa mlango wa riziki.

*

Lazima tumtendee haki: Herman hakuwahi kufikiria kuuza vidonge vya chokaa. Alikuwa na sheria yake, ambayo aliisema mara kwa mara, hasa akiwa peke yake: mgonjwa haguswi. Anayeguswa ni mwenye tamaa, maana mwenye tamaa ana afya njema na anaweza kuhimili. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wauza duka walitaka msalaba, na yeye angewapa msalaba kwa ada ya serikali. Serikali yenyewe, ambayo haikujua lolote, haingeona wivu.

Akachonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili ya tairi. Akapata wino mwekundu kwa karani mmoja wa pamba. Akavaa koti la kaki lenye mifuko minne, akaichomeka kalamu isiyo na wino mfukoni, akaivaa ile kofia ya kukopa, na kwa fundi bati akatengenezewa tarumbeta la kusemea. Siku ya tatu alikuwa juu ya lori la magunia, anakwenda Geita, ambako wachimbaji walikuwa wengi, homa ilikuwa kali, na hakuna aliyemjua.

Alipofika alipanga chumba kwa Mbuke, mjane aliyeuza uji kwa wachimbaji, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Mbuke alitazama koti la kaki, akatazama tarumbeta, akapiga goti.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Mimi ni Mkaguzi wa Vidonge."

"Mungu mkubwa," alisema Mbuke, na macho yakamjaa maji. Herman hakuuliza kwa nini. Katika kazi yake machozi ya mwenye nyumba kwa kawaida yalikuja mwishoni, wala hayakuwa ya furaha.

Asubuhi ile ile alisimama juu ya pipa katikati ya kambi, akaweka tarumbeta mdomoni.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka gete!" wachimbaji waliitikia, wamestaajabu. Hawajapata kusikia serikali ikiwaamkia kwa Kisukuma.

"Ndugu zangu, mlisikia gari likisema dawa bandia. Mkadhani ni dawa ya mtoto wa matambara." Watu wakacheka, wengine wakitazama chini. "Msione haya, hata mimi nilidhani hivyo. Bandia maana yake ni ya uongo. Ni dawa inayofanana na dawa kama jogoo wa udongo anavyofanana na jogoo. Jogoo huyo hawiki, na kidonge hicho hakiponyi! Basi kila mwenye duka alete vidonge vyake vyote kwangu, nivikague na kuvipiga muhuri. Duka litakalokutwa na kopo lisilo na muhuri, kopo litachomwa, na mwenye duka atakwenda kueleza mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya."

Ilikuwa hotuba safi. Kwa bahati mbaya, nusu yake ilikuwa kweli, na kweli ni kitu cha hatari mtu akiwa hajakizoea.

Kabla ya saa sita wauza duka watano walikuwa wamepanga mstari mlangoni kwa Mbuke. Walilipa ada, wakaacha makopo yao, wakaambiwa warudi baada ya siku mbili. Wa mwisho alikuwa Mageni, mwenye duka kubwa kuliko yote, mtu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kutabasamu na meno ya chini tu. Alileta makopo matatu, akasubiri wenzake waondoke.

"Bwana Mkaguzi," alinong'ona, "muhuri huo unakagua kweli, au unapiga tu?"

"Unapiga kufuatana na jinsi mtu alivyoheshimu kazi ya serikali."

Mageni akaielewa serikali mara moja. Akaongeza ada. "Sasa vyangu vipigwe kwanza. Na vya wale wenzangu... si lazima viharakishwe."

"Haraka haraka haina baraka," alikubali Herman. "Ila niambie, Mageni, hayo ndiyo makopo yako yote? Maana kesho nitapekua majumbani mpaka chini ya vitanda."

Alisema tu, kama mvuvi anavyotupa ndoano ya pili akiwa amekwisha kuvua. Lakini tabasamu la meno ya chini lilitoweka. Mageni akaenda kwake, akarudi na kopo la nne limefungwa kwenye kanga ya mkewe.

"Hili ni la nyumbani," alisema. "La watoto wangu. Nakuomba ulitunze mbali na yale mengine."

Herman aliliweka kando bila kufikiri. Jambo la kufikiri lingemjia baadaye, siku ileile jioni.

*

Mpango ulikuwa kuondoka na ada alfajiri. Lakini Mbuke alimwita chumba cha pili, na pale kitandani palikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, Esta, anatetemeka chini ya mablanketi mawili huku mwili unawaka kama jiko.

"Siku ya nne leo, bwana," alisema Mbuke. "Nimempa vidonge vya Mageni asubuhi na jioni. Nimeuza sufuria kubwa kuvinunua. Hakuna kinachobadilika. Lakini sasa umekuja wewe. Yale makopo yote yako chumbani kwako. Nichagulie, bwana. Kipi ni cha kweli?"

Herman alivua kofia, akaivaa tena. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kuchukua. Hakuwa na hata moja la kumpa mtu. Mtoto akafumbua macho, akatazama kofia.

"Babu ana bakuli kichwani," alisema, akafumba tena.

"Nitafikiri," alisema Herman kwa sauti nyembamba. "Yaani, nitakagua. Hapa kuna dispensari?"

Dispensari ilikuwapo, na aliyeisimamia alikuwa nesi Apolonia, mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na mkoba wake. Akampima Esta, akamfunika, kisha akamgeukia Herman na kumtazama kuanzia kofia mpaka viatu, polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Kwinini kwangu hakuna," alisema. "Mkaguzi anajua sababu, bila shaka."

"Bila shaka," alisema Herman. "Ila ni vizuri isemwe mbele ya mama."

"Wakubwa waliagiza dawa zote zilizokuwa njiani zizuiwe ili zikaguliwe, watu wasimeze za uongo. Zimezuiwa wiki ya tano. Za uongo hazikuzuiwa, maana hazikuomba ruhusa ya kupita. Gari lao lilipopita huku mwezi uliopita, nikaandika barua mbili. Nikawaambia, picha yenu watu wanaisoma kinyume. Nikawaambia, kuna njia rahisi ya kutambua chokaa, hata mama jikoni anaweza, itangazeni. Nikajibiwa."

"Wakasemaje?"

"Kwamba barua yangu imepokelewa." Akavua miwani, akaifuta. "Kofia hiyo ni ya askari wa Shinyanga, bwana Mkaguzi. Namba iko ndani ya ukingo."

Herman akaushika ukingo wa kofia kwa mikono miwili. Lakini Apolonia hakupiga kelele. Alimwambia Mbuke alete ndimu na visahani, kisha akamwambia Herman alete makopo.

Akachukua kidonge kutoka kopo la kwanza, akakiponda, akakamulia ndimu. Unga ukachemka, ukatoa povu kama sabuni. "Chokaa," alisema. La pili, povu. La tatu, povu. Makopo yote ya wauza duka, wale wenye muhuri wa haraka na wasio wa haraka, yalitoa povu, mpaka visahani vikawa kama siku ya kufua.

Likabaki lile la nne la Mageni, la kwenye kanga. Ndimu ikadondoka. Unga ukalowa, ukatulia. Apolonia akachovya kidole, akaramba, uso ukamkunjamana mpaka miwani ikapanda.

"Chungu," alisema taratibu. "Ni yenyewe. Kopo zima."

Mbuke, aliyekuwa amemsikia Mageni mlangoni, alielewa kabla ya Herman. "La watoto wake," alisema. "Kwa Esta akauza chokaa, na la watoto wake akalificha chini ya kitanda."

Esta akapewa dawa usiku haujaingia. Alilia kwa uchungu wa kidonge, na mama yake akalia kwa furaha ya kilio kile.

Herman alifurahi pia, kweli kabisa. Lakini moyo wa mtu ni nyumba ya vyumba vingi, na chumba cha pili kilikuwa kimeanza kupiga mahesabu. Kopo zima la kwinini safi, na dispensari zote kavu mpaka ziwani! Kule Chato wangelipigania kama dhahabu. Mtoto ameshapata chake, mgonjwa hajaguswa. Apolonia aliona macho yake yanavyolizunguka lile kopo, akavaa miwani vizuri.

"Bwana Mkaguzi," alisema kwa upole, "una mdomo. Mimi nimesema habari ya ndimu mwezi mzima, watu wananiona mama anayejisemea. Wewe umesema mara moja juu ya pipa, kambi nzima imeelewa maana ya bandia. Kesho siku ya soko utapanda tena, uwaonyeshe. Ukifanya hivyo, mimi sijaiona namba ndani ya kofia."

"Na kopo hili?"

"Si umeshalikagua wewe? Likae na mkaguzi."

Herman alimwonea huruma. Mama mwenye busara kiasi kile, na bado mjinga namna ile.

*

Siku ya soko Herman alilitia kopo la kanga mkobani mwake, baada ya kuramba kidonge kimoja kwa uhakika. Kilikuwa chungu kama talaka. Akapanda pipa, na Apolonia akasimama karibu, mkono ameunyoosha.

"Nikushikie mkoba, bwana, mikono yako iwe huru."

Ilikuwa heshima ya kawaida kwa mtu mkubwa. Akampa.

Walioliona tukio hilo husema hawajapata kuona serikali ikitangaza namna ile. Herman aliponda, akakamua, akainua kisahani juu, povu likamwagika kwenye vidole.

"Hili tumbo lako ni ukuta wa nyumba, mpaka ulipake chokaa?" Watu wakapasuka kwa kicheko. "Ng'wanone, mwanangu, sikiliza. Huhitaji kusoma, wala huhitaji kuja kwangu. Ndimu moja tu! Ya povu, itupe! Ya uchungu, imeze! Semeni!"

"Ya povu, itupe! Ya uchungu, imeze!"

Alisahau kwamba anaigiza. Sauti ilimtoka tumboni. Aliwaambia habari ya msalaba ulioinama, kwamba ule ni mstari wa kufuta, kama mwalimu anavyofuta jibu baya, na anayewauzia kidonge chenye msalaba anawauzia jibu baya. Wachimbaji wakapiga mluzi. Kina mama wakaanza kutoa vidonge kwenye pindo za kanga, ndimu zikaisha sokoni, na povu likachemka kila mahali.

Mtu mmoja akauliza vidonge hivi vilikuwa vya duka gani, na macho ya watu yakaanza kumtafuta Mageni. Wakamkuta anafunga mlango kwa kufuli mbili. Hawakumpiga. Mbuke alimwendea na kisahani cha chokaa yenye ndimu, akamwekea mbele.

"Kunywa," alisema. "Ni dawa. Ulinihakikishia mwenyewe."

Mageni alitazama umati, akanywa. Akapewa kisahani cha pili, na cha tatu, na wauza duka wenzake wanne, ambao ghafla walikumbuka hasira zao, waliandamana naye kwenda kwa mtemi, huku nao wakiandamwa na watu wengine wenye visahani.

Hapo Apolonia akapaza sauti. "Wananchi! Bwana Mkaguzi huyu ana jambo jingine, ila anaona haya kulisema. Zile ada alizopokea kwa wauza duka, ameamua zote zinunue ndimu na uji wa watoto wagonjwa!"

Shangwe zilipanda mpaka kunguru wakaruka kwenye mabati. Herman alisimama juu ya pipa, mamia ya macho yamemwelekea kwa upendo. Akatia mkono katika mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, akatoa kila kitu, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe.

Aliposhuka, Apolonia alimrudishia mkoba, akamwinamia sikioni. "Mtemi ametuma askari waje kukushukuru. Wanataka pia kuiona barua yako ya kazi."

"Nisalimie Esta," alisema Herman. Hakukimbia, maana mkaguzi hakimbii. Alitembea upesi sana mpaka kwenye lori la Chato lililokuwa linawasha injini, na kopo lilikuwa zito mkobani, na moyo ukamtulia. Ada zimekwenda, lakini kopo lilikuwa na thamani mara kumi.

*

Lori lilinasa kwenye tope la mbuga, likakaa siku mbili. Wachuuzi wa dagaa wenye baiskeli walikuwa wakilipita, baiskeli mabegani, wanaimba. Herman alisikia wimbo: ya povu, itupe, ya uchungu, imeze. Mmoja alisimama kuomba moto wa sigara.

"Umetoka Geita?" Herman alimwuliza. "Kuna mtoto wa mama mwuza uji. Anaumwa?"

"Yule wa Mbuke? Ameamka jana. Ameomba wali, hataki uji. Mama yake anacheka na kugomba hapohapo."

Herman aligeuka, akaokota koleo, akaanza kusaidia. Dereva aliyekuwa anachimba matope akadhani amepata homa.

Siku ya tatu waliingia Chato. Herman aliuliza ni nani mwenye uwezo pale, akaelekezwa kwa Mwanaima, mfanyabiashara wa samaki kutoka Ujiji, mwanamke aliyekaa juu ya kiti cha kamba mbele ya vichanja vyake kama jaji. Akamwamkia kwa adabu, akafungua mkoba, akaweka kopo juu ya meza. Alizungumza vizuri. Alieleza habari ya homa, uhaba, na bahati iliyomleta. Hakutaja bei, bei ilikuwa imejificha nyuma ya maneno, inapunga mkono.

Mwanaima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia binti yake, "Lete ndimu."

"Bila shaka," alisema Herman, akatabasamu kwa fahari ya mtu anayeona kazi yake imefika mbali. "Jaribu, mama. Jaribu chochote."

Mwanaima akaponda kidonge, akakamua.

Kisahani kikachemka.

Akaponda cha katikati ya kopo. Povu. Akachukua cha chini kabisa, na povu lake lilipanda likamwagikia mezani, likatambaa mpaka karibu na kalamu isiyo na wino.

Herman aliketi. Aliona mkono ulionyooshwa pembeni ya pipa, akasikia ile sauti ya upole, nikushikie mkoba, bwana. Alikuwa ameongea nusu saa nzima, kwa ufasaha, mgongo wake ukiwa kwa Apolonia na makopo yote ya chokaa yakiwa miguuni pake. Wakati huu kwinini ilikuwa imo dispensari ya Geita, inagawiwa bure, na yeye amelisafirisha kopo la Mageni la chokaa siku tatu, amelilalia kama mto.

Akasubiri kelele. Akatazama njia ya kukimbilia, na mbele yake palikuwa na ziwa tu.

Lakini Mwanaima alikuwa akimtazama koti lake lililojaa matope, kofia iliyobonyea, na uso uliopauka kwa kushtuka kweli, mshtuko ambao hakuna tapeli duniani angeweza kuuigiza. Uso wake ukalainika.

"Pole, baba," alisema. "Umetapeliwa."

"Mimi?"

"Usione haya. Watu wa mjini hawana huruma, wakimwona mtu mnyofu wanambebesha chokaa." Akaufunika mkono wa Herman kwa mkono wake. "Umechelewa tu kupata habari. Kule Geita alikuja mtu wa serikali, mtu hodari, akawafundisha watu hii ya ndimu. Hata watoto wanaimba. Hukumwona?"

Herman alirekebisha kofia. "Nilimwona kwa mbali."

"Wanasema ni mrefu sana."

"Ni wa kadiri," alisema Herman. Kisha hakuweza kujizuia. "Alisema vizuri?"

"Wanasema tangu serikali iumbwe haijapata kusema vile. Na fedha zake zote aliwapa wagonjwa."

Huko ofisini, baada ya wiki tatu, iliandikwa taarifa kwamba karatasi za picha zimeleta mafanikio makubwa Geita na kandokando ya ziwa, na kwamba zichapwe elfu kumi nyingine zenye mistari minene zaidi. Apolonia aliandika barua ya tatu. Ikapokelewa.

Lakini hayo Herman hakuyajua. Siku ile Mwanaima alilimwaga kopo kwenye takataka, akaita chakula, na binti akaleta ugali na sato mzima kwenye sinia.

"Kula, baba, na siku nyingine uwe mwangalifu. Kila anayekujia na maneno matamu, mwulize kwanza: ndimu iko wapi?"

Wachuuzi waliokaa kwenye vichanja walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alimsogezea pilipili. Miaka kumi na minane ya kazi, kutoka Tabora mpaka Kharumwa, na Herman Bujiku hakuwahi kuitwa mnyofu. Alitaka kukataa, alitaka kuwaambia wote yeye ni nani. Akatazama lile ziwa, akatazama askari wa bandari aliyekuwa amekuja kununua samaki na kusimama kusikiliza kisa chake cha kusikitisha.

"Asante, mama," alisema Herman kwa unyenyekevu mkubwa. "Mimi ni mshamba tu."

Akanawa mikono, akala.